Jinsi ya Kumchukia Mtani Aliye Kilomita 4,000

Kwanza kabisa, achana na ramani. Shabiki wa michezo ya vyuo vikuu vya Marekani anayeanza msimu akiwa bado anaiamini ramani atajitesa bure. Ligi ya Pwani ya Atlantiki, ACC kwa kifupi, tangu 2024 ina vyuo viwili vya upande wa Pasifiki, Stanford na California cha Berkeley, pamoja na SMU cha Dallas, mji usio na pwani ya bahari yoyote. Big Ten, yaani Kumi Kubwa, ina vyuo 18. Big 12 ina 16. Kati ya 2011 na 2014 hali ilikuwa tamu zaidi: Kumi Kubwa ilikuwa na vyuo 12, Big 12 ilikuwa na 10, na miongoni mwa maprofesa wote waliokuwa wakiviongoza vyuo hivyo hakutokea hata mmoja wa kupendekeza wabadilishane majina yaishe.

Ukishaitupa ramani, tupa na kikokotoo. Utabaki na televisheni, na hiyo ndiyo inayotakiwa.

Kwa msomaji aliyelelewa kwenye utani wa Simba na Yanga, mambo yako hivi. Vyuo vya Marekani vina timu za futiboli, ile ya helmeti na mabega ya kuvimba, na vikubwa kati yake hujaza viwanja vya watu laki moja. Vyuo hivyo hucheza katika ligi, na kwa miongo mingi wanaligi walikuwa majirani: aliyekuzomea Jumamosi ndiye uliyempelekea gari akutengenezee Jumatatu. Kisha haki za matangazo zikapanda bei. Sasa fikiria Yanga wametangaza kwamba kuanzia msimu ujao watacheza ligi ya Morocco, kwa kuwa king'amuzi cha kule kinalipa vizuri, na Simba wamebaki Msimbazi na jezi zao, hawana wa kumtania. Hapo umeipata Agosti 4, 2023.

Asubuhi ya siku hiyo viongozi wa Pac-12, ligi ya magharibi iliyokuwa ikihesabu umri wake tangu 1915, walitarajiwa kusaini mkataba na kampuni ya Apple, ambao mapato yake yangetegemea mashabiki wangapi watanunua kifurushi. Mwaka mmoja nyuma, Juni 30, 2022, USC na UCLA walikuwa wameshaaga kwenda Kumi Kubwa, na Kumi Kubwa ikasaini na Fox, CBS na NBC mikataba ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7. Colorado nao walikuwa wameaga siku chache kabla. Basi asubuhi ile kalamu hazikushikwa, zikashikwa simu. Oregon na Washington wakaenda Kumi Kubwa, tena kwa kukubali kuanza na karibu nusu ya mgao wa wenyeji. Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Jua lilipozama vilikuwa vimebaki vyuo vinne. Septemba 1 Stanford na California wakachukuliwa na Atlantiki, vikabaki viwili, Oregon State na Washington State, na nembo ya ligi ya vyuo 12.

Hayo yatosha kwa historia. Tuingie kazini.

Kulia kwa utaratibu

Chuo chako kikihama, una haki ya kulia, ila kuna namna yake. Unalilia mila. Neno hilo litamke angalau mara tatu kabla ya chakula cha mchana, ukiwa umevaa fulana iliyopauka ya ligi ya zamani. Fedha usizitaje, hizo waachie mashabiki wa upande wa pili, ambao siku zote ndio wenye tamaa. Ukiulizwa kama utazirudisha tiketi zako za msimu kwa kupinga, kohoa.

Angalizo: wakati wa kulia usichimbechimbe yaliyopita. Shabiki wa Colorado anayeisikitikia Pac-12 asikumbushwe kwamba chuo chake kilihamia huko 2011 kutoka Big 12, na kwamba 2024 kilirudi Big 12 bila hata kubisha hodi. Shabiki wa TCU ndiye kabisa afunge mdomo. Kati ya 1996 na 2012 chuo chake kimekaa katika ligi tano tofauti, na hapo katikati kiliwahi kukubali mwaliko wa Big East, watu wakashangilia, kisha kikaondoka kabla ya kucheza mechi hata moja. Ndoa ilivunjika nguo za harusi zikiwa kwa fundi.

Anayetaka kuona mila ilivyopangiwa bei rasmi aende California. UCLA na Berkeley ni vyuo ndugu, vya mfumo mmoja wa umma, chini ya bodi moja. UCLA ilipoondoka na kumwacha nduguye, bodi ikaiamuru imlipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka. Mashabiki wa kule wakaupa mpango huo jina la utani linalotokana na matunzo anayolipwa mtalaka. Msomaji aliyewahi kuketi mbele ya kadhi hahitaji maelezo zaidi.

Kulia kwa kweli kulikuwepo pia, na ni haki kukutaja. Bill Walton, yule mrefu wa UCLA aliyecheza mpira wa kikapu kama mchezo uliobuniwa kwa ajili yake, alipokuja kuwa mtangazaji hakupitisha matangazo bila kuisifu Pac-12 kuwa ndiyo ligi ya mabingwa. Chuo chake kilipotangaza kuhama hakutafuna maneno: alisema hakubaliani. Alifariki Mei 27, 2024, siku chache baada ya Pac-12 ile ya zamani kuendesha mashindano yake ya mwisho. Mwongozo huu unamvulia kofia, kisha unaendelea na upuuzi wake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Sasa tuseme wewe ndiye mwenyeji. Uko Iowa, Ohio au Minnesota, na umeletewa wageni wanne kutoka Pasifiki wenye miwani ya jua. Kazi yako ya kwanza ni kuwatisha kwa baridi. Waambie Novemba ya kwenu inavunja mifupa, kwamba mpira hugeuka jiwe, kwamba kwao hawajui theluji. Sema haya kwa uhakika, na uyaseme mapema, kabla mechi hazijaanza, kwa sababu baada ya hapo huenda yakakosa mashiko.

Oregon, katika msimu wao wa kwanza Kumi Kubwa, walishinda mechi 13 mfululizo na kutwaa ubingwa kwa kuwafunga Penn State 45-37. Upande wa Big 12, Arizona State walikuwa wametabiriwa kushika nafasi ya mwisho kati ya vyuo 16, wakachukua kombe. SMU hawakupoteza mechi ya ligi hata moja kule Atlantiki hadi fainali, ambako Clemson waliwafunga 34-31 kwa mpira uliopigwa kutoka yadi 56 saa ya uwanja ikiwa inaishia. Mwenyeji aliyepatwa na haya ana kauli moja salama, nayo ni kwamba kiwango cha ligi kimeshuka. Asiulizwe kimeshushwa na nani.

Kuhusu SMU, mwenyeji atakayepandisha pua atazame alichotoa mgeni. Ili waruhusiwe kuingia walikubali kukaa miaka tisa bila mgao wa televisheni wa ligi, na wahisani wao wakachanga dola milioni 100 ndani ya wiki moja. Hiki ndicho chuo ambacho mwaka 1987 kilifungiwa timu yake ya futiboli, adhabu ambayo wenyewe huiita ya kifo, kwa kosa la kuwalipa wachezaji. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa takriban dola milioni 20.5. Ukikutana na mzee wa SMU usimcheke. Mpishe kwenye foleni.

Ziko desturi za wenyeji ambazo mgeni lazima ajifunze, na moja ni ya kuheshimiwa hata na mwandishi wa kejeli. Iowa City, robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima wa Kinnick unaupa mchezo kisogo. Watu elfu sitini na kitu wanageukia jengo la hospitali ya watoto lililo ng'ambo ya barabara, wanainua mikono na kupunga. Kule juu, nyuma ya vioo, watoto wenye dripu mikononi wanapunga nao, wengine wamebebwa na wazazi wao. Wachezaji wanapunga, waamuzi wanapunga, shabiki mgeni anapunga. Ilianza 2017. Washington walifika hapo Oktoba 2024, ziara yao ya kwanza kama wanachama wenza, wakala 40-16. Kwa hiyo punga kwa moyo wote, kisha rudi kwenye kiti chako ukapokee kipigo kama mtu mzima.

Chuki, na mahali pa kuipata

Tumefika penye ugumu. Ligi mpya inakuletea fedha, inakuletea mechi za saa za kutazamwa na watu wengi, inakuletea wapinzani wenye majina makubwa. Isichokuletea ni mtani. Na shabiki asiye na mtani ni mtazamaji tu, hana tofauti na aliyekaa sebuleni akisubiri taarifa ya habari.

Utani wa jadi unadai ukaribu na muda. Wiki ya Ohio State kucheza na Michigan, kule Columbus huzunguka watu na utepe mwekundu wakiweka alama ya X juu ya kila herufi M wanayoiona kwenye vibao vya chuo. Kazi hiyo hawalipwi. Huwezi kumwagiza mtu aifanye kwa ajili ya chuo alichokifahamu Agosti iliyopita.

Au chukua Minnesota na Iowa, ambao hugombea sanamu ya shaba ya nguruwe. Msomaji wa Pwani aniwie radhi. Mwaka 1934 mchezaji mweusi wa Iowa, Ozzie Simmons, aliumizwa vibaya katika mechi na Minnesota, na watu wa Iowa hawakusahau. Mwaka uliofuata gavana wa Iowa alitoa maneno ya kuchochea, na gavana wa Minnesota akaona ayapoze kwa kuweka dau la nguruwe. Iowa wakafungwa. Gavana wao akampeleka mnyama mwenyewe, hai, mpaka ofisini kwa mwenzake. Nguruwe yule aliitwa Floyd of Rosedale, na ndilo jina la kombe hadi leo. Angalia viungo vilivyoingia humo: dhuluma ya kweli, hasira ya kweli, majimbo mawili yanayopakana, na wanasiasa walioogopa fujo. Kampuni ya matangazo haina bajeti ya vitu hivyo.

Kuna aliyejaribu kuvitengeneza. Kisa hiki kinamhusu Mtanzania kwa mbali, kwa sababu chuo chenyewe ni Connecticut, UConn, alikosomea Hasheem Thabeet kabla ya kuchaguliwa wa pili katika usajili wa NBA wa 2009. Thabeet alikuwa kikosini usiku ule wa Machi 2009, pale Madison Square Garden, UConn na Syracuse walipokwenda muda wa nyongeza mara sita katika mashindano ya Big East na Syracuse wakashinda 127-117. Utani wa namna hiyo haufundishwi. Lakini kufikia 2013 Syracuse walikuwa wamehamia Atlantiki, vyuo vya Kikatoliki vimeondoka na jina la Big East, na UConn wamebaki kwenye mabaki ya ligi yaliyopewa jina jipya, wakicheza na vyuo vya Florida na Texas ambavyo hawakuwahi kugombana navyo hata kwa bahati mbaya.

Ndipo kocha wao wa futiboli, Bob Diaco, alipopata wazo. Mwaka 2015 alitangaza kwamba UConn wana mtani mpya, UCF cha Orlando, zaidi ya kilomita 1,600 kusini. Akatengeneza na kombe, lenye jina lililocheza na vifupisho vya majimbo yao mawili. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kitu kimoja: UCF hawakuwa wameambiwa. Walipoulizwa walisema, kwa adabu, kwamba mambo ya utani huwa yanahitaji watu wawili. Mwaka ule UConn walishinda, wakalinyanyua kombe lao wenyewe. Mwaka 2016 UCF wakashinda, 24-16. Wachezaji wa UCF wakapeana mikono, wakalipita kombe pale pembeni ya uwanja, wakaenda kuoga. Hawakulidharau, hawakuona tu kama linawahusu. Kocha alifukuzwa kabla mwaka haujaisha. UConn walirudi Big East 2020, wakiiacha futiboli yao ijitegemee, na katika mpira wa kikapu wakawa mabingwa wa taifa 2023 na 2024. Katika kundi zima la wahamaji hao ndio waliopata faida kwa kurudi nyumbani, jambo ambalo washauri wa masuala ya haki za matangazo hawalitaji kwenye mawasilisho yao.

Basi shabiki wa leo afanye nini, amepewa Rutgers kuwa mtani? Mtu wa Los Angeles anayemtafuta Rutgers wa New Jersey atavuka karibu kilomita 4,000 na saa tatu za tofauti ya majira, na akifika atakuta watu wanachoma soseji kwenye maegesho na kumkaribisha. Hii ni hatari kubwa. Usile. Ukishakula cha mtu huwezi kumzomea vizuri.

Njia ya uhakika ni kungojea dhuluma, na dhuluma huja yenyewe. Oktoba 12, 2024, Ohio State walikuwa Oregon, nyuma kwa pointi moja, sekunde zinahesabika. Oregon wakaingiza wachezaji 12 badala ya 11. Faini ya kosa hilo ni yadi tano, lakini saa ilikuwa imekwisha kula sekunde ambazo Ohio State hawakurudishiwa, na mechi ikaisha 32-31. Kocha wa Oregon, Dan Lanning, alipoulizwa baadaye hakukana kwamba lilikuwa jambo walilolifanyia kazi. Siku chache mbele wasimamizi wa mchezo wakairekebisha tafsiri ya kanuni. Januari 1, 2025, timu zikakutana tena kwenye Rose Bowl, na Ohio State wakashinda 41-21. Hapo, bila gavana wala nguruwe, kuna kitu kimeota. Kimwagilieni. Baada ya miaka arobaini mtakuwa na watoto wanaochukiana bila kujua sababu.

Usiulize habari za mpira wa wavu

Mazungumzo yote haya ni ya futiboli, kwa kuwa ndiyo inayoleta fedha. Timu ya futiboli husafiri kwa ndege ya kukodi, mara moja kwa wiki, na hucheza Jumamosi. Lakini chuo kikihama, huhama na wote: binti wa mpira wa wavu anayecheza katikati ya wiki na ana mtihani wa kemia asubuhi inayofuata, muogeleaji, mrusha mkuki. Wao hawakuulizwa na hakuna aliyewanunulia kifurushi. Baadhi ya ligi zimejitahidi kukusanya mechi za michezo midogo mahali pamoja ili kupunguza safari, na hilo tunalipongeza, huku tukijiuliza ni nani aliyeanzisha safari zenyewe.

Sisi tunaowajua wakimbiaji wetu tunaliona hili kwa jicho jingine. Mwaka 1978 Henry Rono, Mkenya aliyekuwa akisoma Washington State, aliweka rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Ile ya mita 5,000 aliiweka Berkeley; ile ya kuruka viunzi na maji aliiweka Seattle. Vilikuwa viwanja vya wanaligi wenzake, pwani ileile. Leo Berkeley iko Atlantiki, Seattle iko Kumi Kubwa, na chuo cha Rono ni kimojawapo cha vile viwili vilivyoachwa. Shabiki ukikutana na mwanafunzi mkimbiaji akakueleza haya, usibishane. Tikisa kichwa na useme "uzoefu wa kitaifa", ndiyo maneno yanayotumika, halafu ubadilishe mada urudi kwenye futiboli.

Upande wa mtazamaji, jua kwamba mechi ya Fox ya saa sita mchana kwa saa za mashariki ni saa tatu asubuhi kwa shabiki wa Seattle aliyebaki nyumbani, ambaye atakunywa bia na uji. Nayo mechi ya saa moja na nusu usiku kule Pasifiki humkuta Mkenya wa Nairobi mwenye mtoto chuoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, muda mzuri kuliko yote: ukifungwa, matatu zimeshaanza kutembea na una pa kwenda.

Tetesi nazo zina kanuni zake, fupi. Ukiona mtu mzima anafuatilia kwenye simu njia ya ndege binafsi iliyoruka kutoka mji wa chuo, usimwite mwendawazimu. Anatafuta ligi yake. Viongozi wakisema hawana mpango wowote wa kuhama, anza kupunguza bei ya fulana zako.

Ukiwa ndiye uliyeachwa

Wazomeaji wengi husahau sehemu hii, kwa hiyo isome ukiwa bado na furaha.

Pullman ni mji mdogo kati ya mashamba ya ngano, mashariki kabisa mwa jimbo la Washington, na mashabiki wa chuo chake, Washington State, ni watu wa ajabu kwa maana nzuri. Tangu Oktoba 2003 wamehakikisha bendera yao inapepea nyuma ya watangazaji katika kila kipindi cha Jumamosi cha ESPN kinachorushwa kutoka vyuoni, popote kinapokwenda, hata kama timu yao haihusiki. Bendera huenda kwa posta, kutoka mtu hadi mtu, na daima hupatikana mzee au mwanafunzi wa zamani wa kulala nje usiku kucha ili aipeperushe alfajiri. Televisheni iliyoonyesha bendera hiyo kwa miaka ishirini haikuona sababu ya kukipa chuo chao nafasi kwenye meza. Waulize kuhusu uaminifu. Watakujibu kwa upole unaouma.

Hao na Oregon State walifanya mambo mawili ya busara. Kwanza, walikwenda mahakamani, wakatambuliwa kuwa wenye mamlaka juu ya kilichobaki cha ligi, pamoja na akiba yake. Pili, Septemba 14, 2024, Washington State waliwakuta Washington, ndugu yao aliyehamia Kumi Kubwa, mjini Seattle, na kumfunga 24-19. Kwa jioni ile moja kila kitu kilikuwa sawa.

Jambo la tatu ndilo linaloingia kwenye mwongozo. Msimu wa 2024 vyuo hivyo viwili havikuwa na wa kucheza nao, vikailipa ligi jirani ya Mountain West dola milioni 14 ili vipangiwe mechi. Mkataba ulikuwa na kipengele: mkituibia wanachama, mtatulipa faini. Kabla msimu haujafika nusu, Pac-12 ikachukua vyuo vitano vya Mountain West: Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State. Faini ilipojumlishwa ikafika milioni 55. Wajane wa 2023 wakaenda mahakamani kudai kwamba faini hiyo si halali. Utaratibu ndio huo, na ukiachwa ufuate vilevile: lia, shtaki, kisha tafuta mdogo wako mwenye uwanja mzuri.

Na Mountain West, wakiwa bado wanafuta machozi, wakatazama kusini wakawaona UTEP cha El Paso, chuo ambako Suleiman Nyambui alikuwa akikimbia alipoiletea Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980. UTEP wanaijua meza hiyo. Zamani ligi yao, WAC, ilijitanua hadi vyuo 16, kutoka Hawaii mpaka Tulsa, ikaonekana ni wazo la kisasa sana kwa muda wa miaka mitatu. Mwaka 1998 baadhi ya wakuu wa vyuo walikutana kwenye uwanja wa ndege wa Denver, wakapanga kutoka, na 1999 vyuo vinane vikaanzisha Mountain West. UTEP hawakuwa kwenye orodha. Mwaliko umewafikia kwa ajili ya msimu wa 2026, na nusu ya wale wanane waliowafungia mlango wameshaondoka.

Kwa hiyo wewe shabiki wa UTEP, nunua jezi mpya, lipia kifurushi kipya, na uanze mapema kuwatisha watu wa Wyoming kwa joto la El Paso. Wale wa Conference USA, ligi unayoiacha, wakija na habari zao za mila, waambie uamuzi umefanywa kwa maslahi mapana ya wanafunzi wanamichezo. Halafu uwaombe namba ya fundi wao wa kubadilisha nembo za ligi kwenye kuta za uwanja. Muulize kama anatoa punguzo kwa mteja wa kudumu.